Namna ya Kuandaa na Kusimulia Maisha ya Mtakatifu Polikarpo katika Jumuiya

Katika mitaa ya Kisumu, kuanzia Nyalenda na Manyatta hadi Kondele na Mamboleo, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zina desturi ya kujiweka chini ya mtakatifu msimamizi, na sikukuu yake ikikaribia mmoja wa wanajumuiya hupewa kazi ya kusimulia maisha yake baada ya sala. Mara nyingi anayepewa kazi hiyo ni kijana mwenye simu nzuri au mama aliyewahi kufundisha katekisimu, naye huachiwa siku chache tu za kujiandaa. Basi huokota aya mbili tatu mtandaoni, zenye tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa na muujiza mmoja, akazisoma haraka huku watu wakisubiri chai. Watakatifu wanastahili heshima kubwa kuliko hiyo, na wasikilizaji wanastahili pia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepewa kazi hiyo. Nimemchagua Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna na mfiadini, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 23 Februari, kwa sababu ni maaskofu wachache sana wa karne ya pili wanaojulikana kwa karibu kama yeye. Tunayo barua aliyoandikiwa, barua aliyoiandika mwenyewe, kumbukumbu za mtu aliyemsikiliza akifundisha, na taarifa ya kifo chake iliyotoka kwa waamini wake. Shauri langu kuu kwa msimulizi ni hili: kabla hujatamka jambo lolote kuhusu mtakatifu, jua ni nani aliyelisema kwanza, na alimjua mtakatifu huyo kwa kiasi gani. Ukilishika shauri hilo, utaweza kumsimulia pia Inyasi, Sipriani au Ambrosi kwa njia iyo hiyo.

Wasikilize kwanza mashahidi wanne

Shahidi wa kwanza ni Inyasi, askofu wa Antiokia. Mwanzoni mwa karne ya pili alipelekwa Roma kuuawa, akilindwa na askari kumi, na njiani akakaa kwa muda Smirna, ambako Polikarpo alikuwa tayari askofu. Akiwa hapo aliandika barua nne, na alipofika Troa akaandika nyingine tatu, moja kwa Wakristo wa Filadelfia, moja kwa Wakristo wa Smirna, na moja kwa Polikarpo mwenyewe. Barua hiyo iliyoandikwa kwa Polikarpo ni hazina, kwa kuwa inatuonyesha askofu ambaye bado yumo katikati ya kazi zake, miaka mingi kabla ya kuchomwa moto. Inyasi anamwambia asimame imara kama fuawe inayopigwa nyundo, asiwaache wajane, asiwadharau watumwa wa kiume wala wa kike, aitishe mikutano ya ibada mara nyingi zaidi, na awatafute watu wote kwa majina yao. Liandike agizo hilo la mwisho pembeni mwa karatasi yako, kwa sababu utalihitaji utakapofika kwenye habari za kukamatwa kwake. Na kama una nafasi, watajie wasikilizaji kwamba ni katika barua kwa Wakristo wa Smirna ndipo tunapokuta, kwa mara ya kwanza katika maandishi yaliyobaki, maneno "Kanisa Katoliki".

Shahidi wa pili ni Polikarpo mwenyewe. Wakristo wa Filipi walimwomba awatumie barua za Inyasi, naye akawatumia pamoja na barua yake. Barua hiyo si ndefu. Inaweza kusomwa jioni moja. Imejaa maneno ya Injili na ya nyaraka za mitume, kiasi kwamba msomaji anayeijua Biblia yake atakuwa akikutana na sauti anazozifahamu karibu katika kila aya. Isome hasa sehemu mbili. Katika ya kwanza anaeleza jinsi mapadri wanavyopaswa kuwa: wenye huruma, wanaowarudisha waliopotea, wanaowatembelea wagonjwa wote, wasiowasahau mjane, yatima na maskini. Katika ya pili anazungumzia habari ya Valens, aliyekuwa padri huko Filipi, ambaye pamoja na mkewe walianguka kwa kupenda fedha. Polikarpo anasikitika sana kwa ajili yao, lakini anawaomba Wafilipi wasiwahesabu kuwa maadui, bali wawaite warudi kama viungo vilivyo wagonjwa. Jumuiya yoyote iliyowahi kuumizwa na jambo la mfuko wa michango itasikiliza sehemu hiyo kwa makini, na hutahitaji kuongeza neno.

Shahidi wa tatu ni Ireneo, aliyekuja kuwa askofu wa Lyon katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, na ambaye Papa Francis alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2022. Ireneo alimwona Polikarpo alipokuwa kijana mdogo. Akimwandikia Florinus, mtu waliyefahamiana tangu ujanani na ambaye sasa alikuwa amefuata mafundisho ya uzushi, anasema kwamba mambo ya siku zile anayakumbuka vizuri kuliko ya juzi; kwamba anaweza kutaja mahali alipoketi Polikarpo alipofundisha, jinsi alivyoingia na kutoka, sura yake, na jinsi alivyosimulia urafiki wake na Yohane na wengine waliomwona Bwana. Ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu unamweka Polikarpo kati ya kizazi cha mitume na kizazi kilichowafuata. Barua hiyo imetufikia kupitia kwa Eusebio, askofu wa Kaisarea, aliyeinukuu katika historia yake ya Kanisa katika karne ya nne.

Shahidi wa nne ni kanisa la Smirna. Baada ya kifo cha askofu wao, Wakristo wa mji huo waliwaandikia barua wenzao wa Philomelium, mji uliokuwa mbali kuelekea bara, wakieleza yote yaliyotokea. Humo ndimo zinamotoka habari za kukamatwa, za mahojiano na za moto.

Yapo pia maandishi mengine yanayodai kusimulia maisha yake yote tangu utotoni, yakisema kwamba alinunuliwa akiwa mtoto mtumwa na mama tajiri aitwaye Callisto baada ya malaika kumtokea mama huyo. Yaliandikwa muda mrefu baadaye, na mashahidi wanne niliowataja hawajui lolote kuhusu Callisto. Ushauri wangu ni kuyaacha. Utoto wa Polikarpo hatuna ushahidi wake wa kuaminika, na si lazima usimulizi uanzie utotoni.

Tarehe na hesabu zake

Kurasa nyingi hutaja mwaka wa kuzaliwa na wa kufa kana kwamba zilinakiliwa kutoka kwenye cheti. Barua ya kanisa la Smirna inataja siku na mwezi, ambao katika kalenda yetu ni 23 Februari, inasema ilikuwa siku ya Sabato kuu, na inamtaja liwali wa Asia, jimbo la Kirumi ambamo Smirna ilikuwemo, wakati huo kuwa Statius Quadratus. Kutokana na jina la liwali huyo, wataalamu wengi huweka kifo hicho katika mwaka 155 au 156. Eusebio alikiweka baadaye zaidi, katika utawala wa Kaisari Marcus Aurelius, na wapo wanaomfuata hadi leo. Wewe sema "karibu mwaka 155" na uendelee. Kuhusu kuzaliwa, tunachojua ni maneno yake mwenyewe kwamba alikuwa amemtumikia Kristo kwa miaka 86. Yakihesabiwa kuwa ndiyo umri wake wote, alizaliwa karibu mwaka 70, na yakihesabiwa tangu ubatizo, alizaliwa mapema kidogo.

Ukikuta mahali sikukuu yake imewekwa tarehe 26 Januari, usishangae, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa tarehe yake katika kalenda ya Roma kabla ya marekebisho ya mwaka 1969. Waanglikana na Waorthodoksi pia humkumbuka tarehe 23 Februari.

Jambo lingine la kalenda linahitaji kupangwa mapema na mwenyekiti wa jumuiya. Tarehe 23 Februari mara nyingi huangukia ndani ya Kwaresima, wakati ambapo mikutano ya jumuiya hutumiwa kujadili mada za Kampeni ya Kwaresima, na Ijumaa huwa ni Njia ya Msalaba. Katika Misa ya siku hiyo ya Kwaresima padri anaweza kutumia sala ya mwanzo ya mtakatifu, lakini mavazi hubaki ya zambarau na masomo huwa ya siku ya Kwaresima. Kwa hiyo omba nafasi ya dakika ishirini kabla au baada ya mjadala, au muafikiane kusimulia wiki ya kabla ya Jumatano ya Majivu. Usilazimishe jambo la sikukuu kubwa katika majira ya toba.

Mahali pa kuanzia

Wengi huanza na moto. Naelewa sababu yake, kwa kuwa moto ndio unaokumbukwa, lakini msikilizaji anayeletewa mzee asiyemjua akiwa tayari amefungwa kwenye nguzo atamhurumia tu kama anavyomhurumia mtu yeyote anayeteswa. Anza na mji. Smirna ilikuwa bandari tajiri katika pwani ya magharibi ya nchi ambayo leo ni Uturuki, na mji uliopo hapo sasa ni Izmir. Ulijivunia uaminifu wake kwa Roma na ulikuwa na hekalu la kumwabudu Kaisari, na hapo ndipo ilipokuwa hatari yote, kwa sababu kukataa kumtolea Kaisari ubani kulionekana kuwa uadui kwa mji mzima. Soma Ufunuo 2:8-11, ambapo Kristo analiandikia kanisa la Smirna, na pale kwenye maneno "Uwe mwaminifu hata kufa, nami nitakupa taji ya uzima" nyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Ikiwa Polikarpo alikuwa kijana mjini humo wakati kitabu hicho kilipoanza kusomwa makanisani, basi huenda aliyasikia maneno hayo tangu ujana wake. Hilo liseme kama jambo linalowezekana, usiliseme kama jambo lililothibitishwa.

Kisha mlete Inyasi akipita na askari wake kumi. Kisha barua kwa Wafilipi. Kisha safari ya Roma, ambayo wasimulizi wengi huiruka na ambayo mimi naiona ya lazima kwa watu wa upande wetu huu.

Alipokuwa mzee sana, Polikarpo alisafiri hadi Roma wakati Aniceto alipokuwa papa, na mojawapo ya mambo waliyozungumza ni tarehe ya Pasaka. Wakristo wa Asia waliadhimisha Pasaka siku ya kumi na nne ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani, siku yoyote ya juma itakayoangukia, wakisema wameipokea desturi hiyo kutoka kwa Yohane; Roma iliadhimisha siku ya Jumapili. Kila mmoja alishindwa kumshawishi mwenzake. Hata hivyo Aniceto alimpa Polikarpo heshima ya kuadhimisha Ekaristi katika kanisa lake, wakaachana kwa amani, na amani ikabaki kati ya walioshika desturi hii na walioshika ile. Aliyetuachia habari hiyo ni Ireneo tena, alipokuwa akimsihi papa wa baadaye, Victor, asiwatenge Wakristo wa Asia kwa sababu ya jambo hilo hilo.

Katika nyumba nyingi za Kisumu, Vihiga na Kakamega, baba ni Mkatoliki, shangazi ni Mwanglikana, na jirani anayeleta viti vya kukalia ni wa kanisa la Kiafrika lenye kanzu na ngoma. Watu hao huketi pamoja jumuiya inapokutana nyumbani. Wasimulie habari ya Roma taratibu. Usiigeuze kuwa hoja ya kwamba mafundisho yote ni sawa, kwa maana Polikarpo huyo huyo, alipokutana na mzushi Marcion akaulizwa kama anamtambua, alimjibu kwamba anamtambua kuwa mzaliwa wa kwanza wa Shetani. Alijua kutofautisha jambo la imani na jambo la desturi.

Usiku wa kukamatwa

Sasa usimulizi umefika kwenye barua ya kanisa la Smirna, na hapa unaruhusiwa kwenda polepole. Eleza kwanza kwamba watu wengine walikuwa wameuawa kabla yake, miongoni mwao kijana Germanicus, ambaye liwali alimsihi auhurumie ujana wake, naye akamvuta mnyama wa mwituni mwenyewe. Umati ukapiga kelele kwamba wakana Mungu waondolewe na Polikarpo atafutwe. Usisahau kueleza kwa nini Wakristo waliitwa wakana Mungu: hawakuabudu sanamu yoyote iliyoonekana, kwa hiyo majirani zao waliwaona kuwa watu wasio na mungu.

Mtaje pia Quintus wa Frigia. Huyu alijipeleka mwenyewe na kuwahimiza wengine wajipeleke, lakini alipowaona wanyama aliogopa, akaapa na kutoa sadaka. Waandishi wa barua wanasema waziwazi kwamba hawawasifu wanaojitoa wenyewe, kwa sababu Injili haifundishi hivyo. Ikiwa kuna vijana mbele yako, sehemu hii ni ya lazima, ili pasiwe na anayedhani kwamba Kanisa linapenda watu watafute kifo.

Polikarpo hakujipeleka. Alitaka kubaki mjini, lakini waamini walimshawishi ahame, akaenda kwenye shamba lililokuwa karibu na mji, na huko aliomba usiku na mchana kwa ajili ya watu wote na makanisa ya ulimwengu. Siku tatu kabla ya kukamatwa aliona katika maono mto wake wa kulalia ukiwaka moto, akawaambia waliokuwa naye kwamba atachomwa akiwa hai. Akahamia shamba jingine. Waliomtafuta waliwakamata vijana wawili watumwa, na mmoja, alipoteswa, akasema alikokuwa. Msimulizi asimlaumu kijana huyo, aliteswa.

Ilikuwa Ijumaa, wakati wa chakula cha jioni, askari wenye farasi na silaha walipofika kana kwamba wamekuja kumkamata mnyang'anyi. Walimkuta amelala katika chumba cha juu. Angeweza kutoroka tena, lakini alisema mapenzi ya Mungu yatimizwe, akashuka, akazungumza nao, nao wakastaajabu kuona kwamba juhudi yote ile ilikuwa ya kumkamata mzee wa namna hiyo. Kisha akaagiza waandaliwe chakula na kinywaji kadiri walivyotaka, akaomba saa moja tu ya kusali bila kusumbuliwa. Walipomruhusu alisimama akasali kwa saa mbili, na baadhi yao wakajuta kwa nini walikuja. Katika sala hiyo aliwakumbuka watu wote aliowahi kukutana nao maishani, wadogo kwa wakubwa, wenye vyeo na wasiojulikana, pamoja na Kanisa Katoliki lote duniani.

Hapa ndipo unapolirudia agizo la Inyasi uliloliandika pembeni mwa karatasi. Miongo mingi iliyotangulia, Polikarpo aliambiwa awatafute watu wote kwa majina yao. Sasa, askari wakila mezani pake, anahitaji saa mbili ili kuwataja wote mbele za Mungu. Barua hizi mbili ziliandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, na wala ya pili haiitaji ya kwanza. Lakini ukizisoma pamoja unamwona mtu mmoja aliyelitii neno aliloambiwa hadi usiku wake wa mwisho. Kwangu mimi hapo ndipo kiini cha utakatifu wake kilipo, na ningependa msikilizaji aondoke na saa hizo mbili kabla ya kuondoka na moto.

Uwanjani

Asubuhi alipelekwa mjini akiwa juu ya punda. Mkuu wa askari wa usalama, aliyeitwa Herode, pamoja na baba yake, walimpandisha kwenye gari lao la farasi na kumbembeleza, wakimwuliza kuna ubaya gani kusema "Kaisari ni Bwana" na kuokoa maisha yake. Aliponyamaza, kisha akakataa, walimsukuma ashuke kwa haraka hata akachubuka mguu. Akaendelea kutembea kana kwamba hakuna lililompata.

Mahojiano na liwali yasome kama yalivyo, bila kuyapamba. Liwali anamtaka auheshimu uzee wake, aape kwa jina la Kaisari na kusema wakana Mungu waondolewe. Polikarpo anautazama umati wa wapagani uliojaa uwanjani, anaupungia mkono, anaugua, anatazama mbinguni na kusema: "Waondolewe wakana Mungu." Liwali anamwambia amtukane Kristo ili aachiliwe. Ndipo anapojibu: "Miaka 86 nimemtumikia, wala hakunitenda baya lolote, nawezaje kumkufuru Mfalme wangu aliyeniokoa?" Mpe mtu mwingine nafasi ya liwali, na mzee wa jumuiya asome maneno ya Polikarpo. Maneno hayo yana uzito mwingine kabisa yakitamkwa na mtu mwenye mvi.

Mpiga mbiu akatangaza mara tatu katikati ya uwanja kwamba Polikarpo amekiri kuwa ni Mkristo. Umati ukaomba aachiliwe simba, lakini Filipo aliyesimamia michezo akasema maonyesho ya wanyama yalikuwa yamekwisha. Ndipo wakataka achomwe. Kuni zikakusanywa kutoka kwenye karakana na mabafu ya mji. Alipokuwa akivua nguo alijaribu kufungua viatu vyake mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea, kwa maana sikuzote waamini walishindana ni nani atakayemsaidia. Akaomba asipigiliwe misumari, akisema anayempa nguvu ya kuuvumilia moto atampa pia nguvu ya kutulia ndani yake. Wakamfunga tu, naye akamshukuru Mungu kwa kumhesabu kuwa anastahili kushiriki kikombe cha Kristo.

Kuhusu moto, mashahidi wanasema uliinuka na kumzunguka kama tanga la chombo lililojaa upepo, na mwili wake ulikuwa katikati kama mkate unaookwa au kama dhahabu inayosafishwa. Watu wa Dunga, wanaoona matanga yakijaa upepo ziwani, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwishowe akachomwa kwa jambia, na damu iliyotoka ikauzima moto. Nakala nyingi zinaongeza kwamba njiwa aliruka kutoka kwenye jeraha, lakini nukuu ya Eusebio haina njiwa huyo, na wataalamu wengi wanamwona kuwa nyongeza. Mimi humwacha. Ukiulizwa habari zake, jibu kwa ukweli huo.

Jihadhari na jambo moja zito. Barua inasema Wayahudi wa Smirna walishiriki katika kukusanya kuni. Iliandikwa na watu wenye huzuni na hasira, katika mji uliokuwa na uhasama wa makundi, na maneno ya namna hiyo yametumiwa vibaya katika historia kuwachochea Wakristo dhidi ya Wayahudi wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu dini nyingine, ulikataa chuki ya namna hiyo. Aliyehukumu ni liwali wa Kirumi, na waliodai hukumu ni umati wa mji. Ukisema hivyo, umesema ukweli.

Mifupa, maswali na karatasi

Usiishie kwenye jambia. Akida aliuchoma mwili, na baadaye Wakristo wakaikusanya mifupa, wakisema ni ya thamani kuliko vito, wakaiweka mahali panapofaa ili wakutanike hapo kwa furaha kila mwaka kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwake, yaani siku ya ushuhuda wake. Ni mojawapo ya habari za kale zaidi tulizo nazo za Wakristo kuadhimisha sikukuu ya mfiadini. Na kwa kuwa majirani wa makanisa mengine huuliza kama Wakatoliki wanaabudu watakatifu, jibu limo katika barua hiyo hiyo: Kristo wanamwabudu kwa kuwa ni Mwana wa Mungu, bali wafiadini wanawapenda kwa kuwa ni wanafunzi na wafuasi wa Bwana. Lisome jibu hilo kwa sauti. Halihitaji ubishi.

Kuhusu lugha, katika jumuiya nyingi za Kisumu Kiswahili huchanganyika na Kijaluo, na wageni kutoka Luanda au Kisii huongeza zao. Mkubaliane mapema ni nani atakayetafsiri, na umpe karatasi yako siku moja kabla, hasa kwa ajili ya majina na maneno ya Polikarpo. Watoto waachie nafasi ya kuuliza kwanza. Mara nyingi huuliza kuhusu wale vijana wawili watumwa, na swali hilo hufungua mazungumzo mazuri kuliko swali lolote la watu wazima. Sala za waamini zifuate mfano wa saa zile mbili: kila mtu ataje kwa jina mtu mmoja aliyewahi kukutana naye na ambaye hajamwombea kwa muda mrefu.

Mwisho, hifadhi ulichoandaa. Mwishoni mwa barua ya Smirna wanakili wameacha majina yao: Gayo aliinakili kutoka kwenye maandishi ya Ireneo, Sokrate akainakili Korintho kutoka kwenye nakala ya Gayo, na Pionius akaikusanya tena ilipokuwa karibu kuharibika kwa uchakavu. Bila kazi hiyo tungekosa karibu kila kitu nilichokieleza kuhusu siku ile. Kwa hiyo andika usimulizi wako kwa mwandiko unaosomeka, umkabidhi katibu wa jumuiya auweke kwenye faili pamoja na kumbukumbu za mikutano, na chini ya kila aya uonyeshe ni shahidi yupi kati ya wale wanne aliyesema jambo hilo, ili atakayesimulia mwaka ujao ajue pa kuanzia na aweze kusahihisha panapohitaji kusahihishwa.